Kutu kwenye ngano ya shangazi

Jana nilikuwa shambani kwa shangazi, Kapchorwa. Nikashika bua moja la ngano, vidole vikabaki na unga wa rangi ya matofali. Kutu ya shina, ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu! Shangazi alinyamaza kabisa, nami niliumia rohoni.

Ug99, aina kali ya kutu hii, iligunduliwa hapa hapa Uganda mwaka 1998. Iliishinda Sr31, jeni ya kinga iliyotoka kwenye nafaka iitwayo rai (rye), na ngano nyingi duniani zilikuwa zikiitegemea hiyo hiyo. Kinachonipa moyo ni ndugu wa ngano walioko porini. Sr33, jeni nyingine ya kinga, ilitoka kwenye nyasi iitwayo Aegilops tauschii; ni ya ukoo wa jeni za NLR, walinzi wanaoitambua kuvu inaposhambulia seli.

Nilimweleza shangazi kuhusu mbegu yenye jeni hiyo. Akauliza: “Mbegu hiyo itatufikia lini, mwanangu?”