Nilivyokomesha vitisho vya bosi nikiwa likizo ya ugonjwa wa sonona

Daktari alinipa likizo ya ugonjwa kwa sababu ya sonona. Bosi akawa ananipigia kila asubuhi: ripoti iko wapi, utarudi lini, "mbona sauti yako nzima tu?" Kisha ukaja ujumbe kwamba nisiporudi Jumatatu nafasi yangu atapewa mwingine. Mikono ilinitetemeka hadi nikashindwa kushika simu.

Kilichoniokoa ni maandishi. Niliacha kupokea simu zake, nikajibu kwa barua pepe, nakala kwa afisa rasilimali watu: "Niko likizo ya ugonjwa hadi tarehe iliyo kwenye cheti cha daktari. Naomba mawasiliano yote yawe ya maandishi." Kila tishio nililipiga picha ya skrini na kulihifadhi nje ya kompyuta ya kazini, maana akaunti ya ofisi inaweza kufungwa wakati wowote. Jina la ugonjwa sikumtajia. Cheti kilisema sifai kufanya kazi kwa muda, basi.

Chama cha wafanyakazi nacho kikaandika barua, kikinukuu sheria ya kazi pamoja na ibara ya 6 ya Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982: kukosekana kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa si sababu halali ya kuachishwa kazi. Nchi ambazo hazijauridhia hazibanwi nao, kwa hiyo anza na sheria ya kwenu na mkataba wako wa ajira.

Tishio lilifutwa kwa barua. Nimerudi kwa nusu siku, kama daktari alivyoelekeza, na sasa naripoti kwa msimamizi mwingine.