Pweza wetu ametulia

Hatimaye kipande cha pweza katika filamu yetu ya animesheni kimekubali. Jana baada ya alasiri tulikitazama hapa Wete, Pemba, kikundi kizima tumeinamia simu moja, na mwanga haukucheza hata kidogo. Pweza anatoka pangoni, anapapasa ubavu wa ngalawa, anapanda. Nilifurahi mno.

Wanaofanya animesheni ya picha moja moja, yaani unasogeza sanamu kidogo, unapiga picha, unasogeza tena, wanaijua adha hii. Kila picha peke yake haina kasoro. Ukiziunganisha, 12 kwa sekunde, bahari inapepesa kama kibatari kwenye upepo. Yale ya kawaida tulishayamaliza. Mwangaza, rangi na fokasi vimefungwa kwenye simu visijirekebishe vyenyewe. Madirisha yamezibwa kwa turubai. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, balbu inapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo shata, ule muda kamera inapokea mwanga, iko 1/50 ya sekunde, kila picha ipate mipigo miwili kamili. Hata umeme wa ukutani tuliuacha, maana jioni watu wakiwasha pasi voltiji inashuka; tukawasha taa za volti 12 kwa betri ya sola. Kupepesa kukapungua, hakukwisha. Kuna usiku nilikuwa tayari kukifuta kipande chote, na watu wamekitolea jasho lao!

Nikaamua kumwacha pweza na kutazama pembe moja tu ya bahari, ile khanga ya buluu, picha baada ya picha. Mahali pengine ina wekundu kwa mbali. Mahali pengine imepauka. Halafu linakuja fungu la picha zilizotulia kabisa. Bibi mmoja wa kikundi akasogea, akasema, "Mwanangu, hizo zangu. Hapo nausogeza mkono wangu wa kushoto."

Alikuwa amevaa buibui.

Sisi kila mtu ana mkono wake wa pweza: anausogeza, anarudi nyuma hatua moja, picha inapigwa. Hatua moja haitoshi. Kanzu nyeupe ikiwa karibu na meza inarudisha mwanga juu ya bahari, na khanga nyekundu inamwaga wekundu wake. Anayefanya kazi hii peke yake, na shati lile lile, pengine asingeliona jambo hili kamwe; kwetu nguo zinabadilika kila baada ya picha chache. Sasa anayegusa meza ni wa buibui, au anajitanda kitambaa cheusi, na sakafuni kuna mstari wa chaki ambao lazima uuvuke kabla hatujapiga. Tunapiga kwa kitufe cha sauti cha waya wa spika za masikioni, simu haiguswi.

Kuhusu mifupa ya pweza: msihangaike na waya wa kufungia nondo. Ukiukunja mara nyingi mahali pamoja unakatika, na mkono ukikatika katikati ya kipande, kuurudisha pale pale ulipokuwa ni mateso. Waya laini wa shaba uliochunwa kwenye kebo ya umeme, nyuzi mbili zikasokotwa pamoja, kisha pamba na kitambaa juu yake, ndio unaodumu. Plastisini tumeiacha kwa macho na midomo tu. Kwa joto la kaskazi chini ya taa inalegea mkononi.

Kilichopangwa kufuata ni kurekodi sauti: mawimbi, kasia, na bibi akisimulia. Kitasubiri. Kijana mmoja amekuja na karafuu mbichi kiganjani, akazipanga mezani zikatembea zenyewe kama msafara, na tangu hapo hakuna anayezungumza jengine. Tunataka tuzipige juu ya jamvi zinapoanikwa, tangu zikiwa kijani na wekundu hadi zigeuke kahawia, kila siku saa ile ile jua likiwa pale pale. Mwenye jamvi ameridhia tuweke stendi kando, mradi mawingu yakikusanyika tuiondoe upesi na tusaidie kuanua.