Nilivyompata mtu ambaye hakuhitimu Harvard

Wiki nzima nilimtafuta mfanyabiashara mmoja wa Massachusetts aliyesoma Harvard miaka ya 1880, nikaambulia patupu. Nilikuwa nang'ang'ania Quinquennial Catalogue, ile orodha kubwa ya wahitimu wa chuo hicho ambayo marehemu waliwekewa nyota kando ya jina. (Usiku mmoja nilijikuta nahesabu nyota za watu nisiowajua.) Jina lake halimo.

Mkutubi aliniuliza swali moja tu: "Una uhakika huyo bwana alimaliza?"

Loo! Orodha ile ni ya wenye shahada. Aliyeishia njiani hana nafasi humo.

Nikahamia kwenye taarifa za darasa, yaani za kundi la mwaka mmoja wa kuhitimu, zile ambazo wanadarasa wenyewe huzichapisha kila baada ya miaka kadhaa. Humo walioanza pamoja hubaki wenzao hata kama wengine hawakumaliza. Nikakadiria mwaka ambao angehitimu, nikaangalia na wa kabla na wa baada yake, nikaanza na taarifa ya miaka 25 tangu kuhitimu kwa sababu hiyo ndiyo huwa nono. Mwishoni, baada ya wahitimu, alikuwapo: aya moja, kaandika mwenyewe, analalamikia bei ya ngozi.