Nusu inchi isiyo nusu inchi

Leo nimeshinda chini ya sinki, nikiunganisha bomba la chuma la robo tatu ya inchi na la plastiki la milimita 20. Kazi yenyewe ni ndogo, ila imenifikirisha sana kuhusu vipimo.

Ukubwa unaotajwa dukani ni jina tu. Bomba la chuma la nusu inchi, ukilipima kwa nje, lina milimita 21.3, na tundu lake linakaribia 16. Nusu inchi halisi ni 12.7, na huikuti ndani wala nje. Plastiki ya 20, kwa upande wake, ina 20 kweli kwa nje, na ndiyo huenda na hesi, yaani meno ya kuzungushia, ya nusu inchi. Ndiyo maana siamini macho. Napima kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana wa ndani na wa nje, kabla ya kununua redyusa, kiungo cha kupunguza ukubwa.

Hesi nazo zinadanganya. Kuna BSP ya Uingereza, ambayo pembe ya meno yake ni nyuzi 55, na NPT ya Marekani yenye nyuzi 60. Kwenye nusu inchi na robo tatu zote mbili zina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo ukizichanganya zinaingiana vizuri raundi za mwanzo. Kisha zinakaza ghafla. Hapo wengi huongeza nguvu ya spana, na mimi naona ndiko kuvuja kunakoanzia: meno yanaharibika na maji yanapata njia ya kuzunguka nayo hadi nje. Nguvu haizibi kitu. Kila ungio lina mahali pake pa kuziba. Kwenye hesi iliyochongoka, ni meno yenyewe pamoja na tepu au katani. Kwenye nati ya yunioni (kiungo cha kufungulika) yenye mpira, ni mpira huo ulio ndani, na tepu hapo haisaidii chochote.

Tepu naizungusha kwa mwelekeo wa saa, ncha ya hesi ikinitazama, nikiivuta mpaka izame kwenye meno. Ukizungusha kinyume, inakunjuka unapokaza. Na hesi ya kiume ya chuma siiingizi kamwe kwenye soketi ya plastiki tupu, kwa sababu inaipanua hadi ipasuke, pengine wiki kadhaa baadaye wakati hakuna anayeangalia. Nimetumia ile yenye shaba ndani.

Upande wa plastiki, ambayo ni ya aina ya PPR, ni wa kuchomelea kwa joto: mashine kwenye 260°C, sekunde tano kwa bomba la 20, kisha unasukuma moja kwa moja bila kuzungusha. Ukingo mdogo wa plastiki iliyoyeyuka ukijitokeza sawasawa pande zote, hapo moyo unatulia. Ukisukuma kupita kiasi, ukingo huo huo unaota kwa ndani na kubana tundu.

Kuhusu kupunguza ukubwa: tundu lenye nusu ya upana wa jingine lina robo tu ya nafasi yake, si nusu. Basi bomba kubwa liende mbali kadiri liwezavyo, redyusa ikae karibu na koki.

Nimefungua maji polepole hewa itoke, nikapitisha karatasi kavu kwenye kila ungio. Imebaki kavu. Presha italala humo usiku kucha, na asubuhi nitapitisha karatasi nyingine kabla ya kurudisha ubao.