Ninavyopima uvimbe wa korodani ya mtoto kwa ultrasaundi

Korodani ya mtoto ambaye hajabalehe haifiki mililita 4, kwa hiyo natumia probu (kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi) nyoofu ya megahezi 12 au zaidi. Mtoto analala chali, taulo iliyokunjwa chini ya mfuko wa korodani. Jeli naipasha moto kwanza. Ya baridi hukunja ngozi, na korodani ikapanda kinenani.

Naanza na upande usio na tatizo. Hapo ndipo natengeneza Dopla, yaani sehemu ya mashine inayoonyesha mtiririko wa damu kwa rangi: kipimo cha kasi nakishusha hadi sentimita 3 au 5 kwa sekunde, kichujio chini kabisa, kisha napandisha rangi mpaka chengachenga zianze, narudi nyuma kidogo. Nikihamia upande wa pili sigusi kitufe. "Hakuna damu" nyingi huandikwa kwa sababu mashine imeachwa na kipimo cha kasi cha mishipa ya shingo, ambako damu huenda mbio.

Kisha naikingamisha probu, korodani zote mbili ziingie picha moja. Hii siiruki kamwe. Saratani ya mfuko wa kiini, inayowapata zaidi watoto wadogo, inaweza kuimeza korodani yote bila kuacha ukingo: unaona kitu laini, cha rangi moja, kana kwamba ni korodani tu iliyokua. Ukiilinganisha na mwenzake ndipo unashtuka, hasa Dopla ikiwaka upande mmoja.

Uvimbe uko ndani ya korodani au nje? Ulio nje, mgumu, kando ya kamba ya mbegu (inayobeba mishipa ya korodani), unaweza kuwa rabdomiosakoma, aina ya saratani ya misuli. Maji nayo yanahadaa: mtu anaona busha, anafunga faili, korodani iliyo nyuma yake hajaipitia.

Matabaka kama ya kitunguu, bila damu ndani, ni dalili ya uvimbe wa epidemoidi, ambao si saratani. Nauandika waziwazi, kwani mpasuaji anaweza kuutoa peke yake na kuibakiza korodani. Kipimo cha damu cha alfafetoproteini, protini inayotolewa na saratani ya mfuko wa kiini, kinasaidia, ila chini ya mwaka 1 huwa juu hata kwa mtoto mzima wa afya.

Namalizia tumboni, kandokando ya aota (mshipa mkuu wa damu) hadi usawa wa figo, maana limfu ya korodani huelekea huko, si kinenani. Ndiyo maana sindano ya kuchukua kinyama haipiti kwenye ngozi ya mfuko: limfu ya ngozi hiyo huelekea kinenani, na sindano ingeipa saratani njia hiyo mpya. Mpasuaji huingilia kinenani, akaibana kamba kwanza.