Kempa Tuliyoifuata Sioux Falls

Kutoka Minneapolis hadi Sioux Falls ni mwendo wa saa nne hivi. Unashuka na barabara kuu ya I-35 mpaka Albert Lea, unashika I-90 kuelekea magharibi, na ukifika Worthington ni mahindi, mitambo ya upepo na upepo wenyewe unaosukuma gari pembeni. Moteli tuliyolala ilikuwa na kitanda kigumu na kahawa kama maji ya kuoshea vikombe, halafu bei yake, kwa Dar, ningepata chumba kizuri cha ufukweni. Bei hizo ndizo zilizotutoa nyumbani. Mimi na mama watoto tulifuata kempa, kile kijumba kinachopakiwa kwenye bodi la pikapu, chenye kitanda, jiko na friji, ili tuwapeleke watoto hifadhi ya taifa ya Badlands bila kulipia vyumba.

Pikapu yetu ni F-150. Wamarekani wanaiita ya nusu tani, jina lililobaki tangu enzi ambazo pikapu za aina hiyo zilibeba paundi 1,000. Za leo zinabeba zaidi, lakini kila moja ina kiwango chake kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Chetu kinasema watu na mizigo kwa pamoja visizidi paundi 1,640, kama kilo 744.

Muuzaji alitupokea kwa bashasha. Kempa ilisimama juu ya jeki zake nne, ya kuta ngumu, ina kiyoyozi, na ubavuni kuna turubai la kivuli la kukunjua. Kipeperushi kiliandika paundi 1,280. "Nusu tani yoyote inaibeba hii," akasema, kisha akataka advansi ya dola 300 kabla ya kuturuhusu kuijaribu. Nikarudi kinyumenyume chini yake polepole, mke wangu akiniongoza kwa mkono. Jeki zilipoachia, pikapu ilikaa chini kwa nyuma mpaka nafasi ya juu ya matairi ikakaribia kuisha.

Barabarani upepo uliipiga ubavuni, gari ikayumba, ikachelewa kurudi. Nikakata kona kwenye kituo cha malori chenye mizani ya CAT Scale. Unasimamisha magurudumu ya mbele kwenye sahani moja, ya nyuma kwenye nyingine, kisha unabonyeza kitufe cha kuongea na karani. Kitufe kimewekwa kwa kimo cha dereva wa lori, kwa hiyo nilishuka. Karatasi ikatoka: mbele paundi 3,210, nyuma 4,150, jumla 7,360. Mlangoni mwetu mwisho wa ekseli ya nyuma ni 3,800, na gari zima 7,050.

"Nyinyi ni watu wa Tanzania?" Sauti ilitoka nyuma yangu. Dereva wa lori, Msomali aliyekulia Eastleigh, alikuwa ametusikia tukibishana. Aliomba karatasi, akaisoma kimya.

"Ndugu yangu, kipeperushi kinapima kempa tupu kutoka kiwandani. Kiyoyozi, betri, mtungi wa gesi, hilo turubai, vyote havimo. Tangi la maji liko wapi?"

Halikuwa na tone. Galoni 20 ni kilo 75 nyingine, na watoto walibaki Minneapolis.

Nikamuuliza kuhusu kuongeza mifuko ya hewa kwenye springi, maana muuzaji aliigusia. "Itainua mkia tu. Ekseli ni ileile, breki ni zilezile." Akatutajia mizani ya malori ya Mlolongo kule Kenya, nami nikamtajia ya Vigwaza kwetu Tanzania, tukasimama hapo kwenye baridi tukiongea habari za Fuso za mkaa. Baba mdogo alikuwa utingo wa gari kama hizo njia ya Handeni. Walikuwa wakiongeza majani ya springi na kumwomba Mungu mlimani. Alikatika mguu breki zilipokufa, na ndiyo maana namba ile ya 4,150 sikuweza kuisoma kama namba tu.

Tulirudisha kempa. Muuzaji alikataa kutoa advansi, akasema ni gharama ya kupakia na kushusha.

Baadaye tulinunua ganda la kufunika bodi, lenye paa la kuinuliwa, kuta za juu turubai, ndani kitanda na kabati basi. Bei yake bado iliniuma. Tulilipima kwenye mizani kabla ya kulipa, tukafunga matairi ya kubeba mzigo, na maji tunajaza tukishakaribia kambi. Badlands tumeiona. Kule Wall, mji mdogo wa jirani, watoto walikunywa maji ya barafu ya bure, mimi nikanywa kahawa ya senti 5, kitu pekee cha bei nafuu njia nzima. Usiku turubai linapitisha baridi kali, na mke wangu analalamika kwa haki. Lakini upepo wa I-90 unapita juu yetu paa likiwa limeshushwa, na gari halitoki kwenye mstari wake.

Zile dola 300 bado tunazidai.