Sileji yangu ilikubali shimo la tatu

Nikisikia tena mtu akimwambia mkulima wa sileji, yaani majani ya ng'ombe yanayokatwakatwa na kuchachushwa shimoni bila hewa, "wewe mwaga molasi tu, itajipanga", nitampeleka nyuma ya boma nikamwonyeshe nilikozika shimo langu la kwanza. Huku Njoro kila mwenye ng'ombe wawili ni mtaalamu wa sileji, mpaka siku ya kufungua.

Shimo hilo nililijaza mahindi ya kuchoma. Ilikuwa hesabu ya tamaa: nikikata mapema, shamba litabaki wazi, nipande viazi kabla mvua haijakatika. Punje zilikuwa maziwa matupu, ukizibonyeza zinakurukia usoni. Mmea wa umri huo ni maji zaidi ya robo tatu. Tukakata, tukamimina shimoni, na kila tabaka nikalinyunyizia molasi, ule uji mtamu wa kiwanda cha sukari, niliyoichanganya na maji, moja kwa mbili, kama nilivyoshauriwa. Yaani majani yanachuruzika maji, nami nayaongeza maji! Siku ya tatu mchuzi wa kahawia ukaanza kutoka upande wa chini. Nikafurahi, nikidhani molasi imekolea. Kumbe ni sukari inakimbia, na hiyo sukari ndiyo chakula cha bakteria wanaotengeneza asidi. Asidi ilipopungua, wakatawala bakteria wa udongoni. Siku ya 40 nikafungua nikakuta uji wa kijani cheusi unaoteleza, wenye harufu ya siagi iliyooza, ile inayobaki mikononi hata usugue kwa ndimu. Ng'ombe wangu mkubwa alinusa, akapiga chafya, akanigeuzia mgongo.

Molasi haina kosa. Ina kazi kwenye majani ya nepia, ambayo hayana sukari ya kutosha. Mahindi yaliyokatwa kwa wakati wake yanajitosheleza.

Wakati wake ni upi? Vunja hindi katikati, ukishike kile kipande chenye ncha, utazame punje pale lilipovunjikia. Kwenye mahindi ya njano utaona mstari: juu wanga mgumu, chini maziwa. Haya yetu meupe mstari unajificha, kwa hiyo tumia ukucha. Anza kubonyeza kwenye utosi wa punje ukishuka kuelekea kwenye gunzi. Ukucha ukigoma hadi katikati au theluthi mbili ya safari, kisha ukazama, ita watu wa kukata. Mbegu ya H614 niliyopanda Aprili ilifika hapo kama miezi mitano baadaye, lakini mwaka wa mvua nyingi itachelewa, na ukucha ndio unaojua. Vunja mahindi kumi ya sehemu mbalimbali za shamba, usichukue ya ukingoni tu.

Kuna na huu ushauri mwingine, wa kutoa mahindi kwanza ukauze barabarani halafu utengeneze sileji ya mabua. Utapata sileji, ndiyo, lakini nguvu iko kwenye punje. Ukiziuza, utazinunua tena dukani kwa bei ya chakula cha viwandani.

Tulikata karibu shibiri moja juu ya ardhi, sentimita 15 hadi 20. Kule chini bua ni kuni, na tope linalolishika ndilo linaloleta wale bakteria wa siagi mbovu. Visu vya chafkata, mashine ya kukatakata majani, nilivinoa asubuhi na tena saa saba mchana. Kisu butu hakikati maganda, kinayachana kuwa nyuzi, na nyuzi hazishindiliki, zinabaki na hewa. Vipande viwe sentimita 1 hadi 2. Chota mkono mmoja uangalie punje: nyingi ziwe zimepasuka, la sivyo utazikuta nzima kwenye mavi. Kisha minya konzi moja kwa nguvu, uhesabu polepole hadi 90, ufungue. Maji yakitiririka, rudi nyumbani usubiri wiki. Donge likisambaratika papo hapo, umechelewa. Likifunguka taratibu na kiganja kibaki na unyevu tu, endelea.

Shimo la pili liliniharibia kwa upana. Lilikuwa mita 2.5, kina mita 1.5, na ng'ombe wangu ni wanne. Wanne wanakula kama kilo 80 kwa siku, ishirini kila mmoja, kwa hiyo ule ukuta mkubwa wa sileji ninaoukata kila siku ulikuwa unasogea sentimita 4 au 5 tu. Hewa inaingia ndani haraka kuliko wao wanavyokula. Ukipachika mkono unasikia joto, na kufika wiki ya pili ukungu mweupe umetanda.

La tatu nikalifanya jembamba: upana mita 1.2, kina mita 1, urefu mita 9, na nikachimba mawili ya aina hiyo. Kwa kipimo hicho kila siku nakata karibu sentimita 15, na ukuta unabaki baridi. Yote mawili yanabeba kama tani 9 na nusu, karibu miezi minne kwa wanne, yaani kiangazi chote na zaidi.

Lakini trekta haiingii kwenye mita 1.2. Hapa ndipo ninapojisifu kidogo. Nilichukua pipa la lita 200, nikalijaza maji, nikakaza kizibo kwa mpira wa tyubu, nikalilaza shimoni. Ni zaidi ya kilo 200 zinazobingirika. Urefu wake haufiki mita moja, kwa hiyo kila upande unabaki ukingo wa futi nusu, na hapo anatembea kijana mwenye gambuti, kisigino kwanza. Tabaka lisizidi sentimita 15, pipa lipite mara nne au tano. Mwisho mmoja wa shimo niliuacha na mteremko ili pipa litoke. Bila huo utalitoa kwa kumwaga maji na kujaza upya, na sitakwambia nilijuaje. Kipimo changu ni kidole: kikizama zaidi ya kiungo cha kwanza, rudia.

Jaza na ufunike siku hiyo hiyo. Shimo moja siku moja. Nailoni ya geji 1000, iliyotandikwa pande zote kabla ya kujaza, ikunjwe juu, kisha udongo wa futi moja na nusu uliobinuka kama kaburi, na mfereji kuzunguka. Gharama sikuandika vizuri. Nailoni, dizeli na vibarua vilinila elfu ishirini na kitu, labda na chai.

Siku 30 zilipopita nilifungua upande wa mteremko. Rangi ya zeituni, harufu kali tamu ya maziwa yaliyoganda vizuri kwenye kibuyu. Yule yule aliyenigeuzia mgongo alivunja fito la hori. Nilianza na kilo 5, nikapandisha kwa siku kumi, na huwapa baada ya kukamua, kwa sababu harufu inaingia kwenye maziwa. Protini yake ni ndogo, kwa hiyo naongeza lusani na desmodiamu, majani ya jamii ya kunde yenye protini. Shimo lingine halijaguswa, ila fuko amelitoboa mara mbili. Kila Jumamosi natembea juu yake nikitafuta vichuguu, na utepe mpana wa kuziba nailoni uko mfukoni.